Kungwi, Kura na Baraza la Kata

Njia ya misafara iliyowafikisha watu wa Pwani Tabora ilileta pia desturi zao za harusi, kungwi akiwemo. Kungwi humfunda bi harusi faraghani: aseme nini na mumewe, lini anyamaze, ugomvi aumalize vipi. Kisha hubaki karibu na maharusi siku saba za fungate, na penye kosa husahihisha hapohapo. Ila hamfundi mume, na jicho lake ni kali zaidi wiki ile ya kwanza kuliko miaka inayofuata.

Wamarekani walisubiri zaidi kabla ya kupima matokeo ya mafunzo yao. Mradi wa Building Strong Families uliwalenga wapenzi wa kipato kidogo, wasio na ndoa, wanaotarajia mtoto au waliompata karibuni, ukawafundisha kuzungumza na kumaliza ugomvi. Jozi zaidi ya 5,000 katika maeneo 8 ziligawanywa kwa kura, wengine wapewe mafunzo na wengine wasipewe. Baada ya miezi 15, kwa jumla, hapakuonekana tofauti. Oklahoma City walifaidika kidogo. Baltimore walioitwa mafunzoni waliachana zaidi, na wanawake wao waliripoti zaidi kushambuliwa vibaya. Tukumbuke kwamba karibu nusu ya walioitwa hawakuhudhuria hata kipindi kimoja. Kuyatangaza matokeo ya namna hiyo kunahitaji ushupavu ambao kungwi hajawahi kudaiwa.

Rwanda nako jozi ziligawanywa kwa kura, lakini mafunzo yalianzia kwa wanaume. Mradi wa Bandebereho, wa 2013 hadi 2015, uliwakusanya akina baba vijana, na wake zao wakashiriki baadhi ya vipindi. Utafiti ulifuatilia jozi 1,199. Baada ya miezi 21, wake wa waliofundishwa waliripoti vipigo vichache zaidi kuliko wenzao. Wamarekani walikazia stadi za mazungumzo. Wanyarwanda waligusa pia nani anaamua juu ya pesa na nani anamwogesha mtoto. Nadhani siri iko hapo, ingawa wapenzi wa Baltimore na wanandoa wa vijijini Rwanda si watu wa kulinganishwa moja kwa moja.

Tukirudi Tabora, kata ya Ntalikwa katika manispaa hiyo haina haja ya kuagiza kila kitu kutoka mbali. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kila kata iwe na baraza la usuluhishi. Likishindwa kuwapatanisha wanandoa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, ndipo mahakama isikilize shauri la talaka. Waliopatana hurudi nyumbani mikono mitupu, na sheria haimtumi mtu kuwauliza baadaye kama wamepatana kweli au mmoja amechoka kusema. Atakayelipima baraza kwa hati zake tu atalidhulumu. Tena kwa mke aliyekuwa akipigwa, hati hiyo ya kushindwa huenda ndiyo msaada mkubwa aliopata pale. Hata kwa Baltimore, kabla ya kuhesabu kila kuachana kuwa hasara, ningetaka kwanza kujua nani aliondoka, na alikuwa akikimbia nini.