Mchanga Ndani ya Rangi: Picha ya Ufukwe wa Trouville, 1870

Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kutafuta ushahidi katika barua, mikataba na kumbukumbu za serikali. Picha za kuchorwa tunawaachia wenzetu wa sanaa. Nadhani tunakosea, na mfano wangu ni picha ndogo ya Claude Monet, isiyofika nusu mita kwa upana, iliyomo katika jumba la National Gallery, London.

Wanawake wawili wameketi ufukweni Trouville, kaskazini mwa Ufaransa, kila mmoja na mwavuli wake. Wa kushoto ni Camille, mke wa mchoraji. Nguo yake nyeupe imepakwa harakaharaka, kwa mipigo mipana ya brashi, na uso wake umo kivulini. Mwenzake amevaa nguo nyeusi. Katikati yao kuna kiti kitupu. Ukitazama kwa makini, utaona kwamba Monet alijali zaidi jua linavyoipiga nguo kuliko sura ya aliyeivaa.

Wataalamu walipoichunguza picha hii walikuta chembe za mchanga zimenasa ndani ya rangi. Kwangu mimi, chembe hizo ni ushahidi sawa na muhuri kwenye barua: Monet alichora palepale ufukweni, si chumbani kwa kukumbuka.

Starehe hiyo nayo ina historia yake. Trouville ulikuwa mji wa wavuvi. Reli kutoka Paris ilifika mwaka 1863, na watu wenye nafasi wakaanza kumiminika huko majira ya joto. Hawakuja kuota jua, maana mavazi yao na miavuli yao yaonyesha walivyolikwepa! Wavuvi wenyewe hawamo kabisa katika picha hii.

Kuna jingine lisilomo. Monet na Camille walifunga ndoa tarehe 28 Juni 1870. Tarehe 19 Julai Ufaransa ikatangaza vita dhidi ya Prussia, na mwanzoni mwa Septemba mfalme wake, Napoleon III, akatekwa huko Sedan. Msomaji anaweza kusema kwamba picha inaficha ukweli. Sikubaliani naye. Inatuonyesha jinsi vita vilivyokuwa bado mbali na viti vile, jambo ambalo taarifa za majeshi haziwezi kutueleza. Kabla mwaka haujaisha, Monet, Camille na mtoto wao Jean, mwenye umri wa miaka mitatu, walikuwa wakimbizi London.