Amu Ndani ya Vitabu

Ndugu zetu Waamu, mlioko nyumbani na mlioko Mombasa, Nairobi, Uarabuni na Ulaya,

Kila mwaka ukurasa huu hueleza jambo moja la historia ya mji wetu. Mwaka huu tumeona tueleze vitabu vyenyewe: ni nani aliyeandika habari za Amu, aliandika nini, na kitabu chake kiko wapi leo. Tulipoanza kuvihesabu tulifurahi. Tulipoanza kuvitafuta mjini, furaha ilipungua.

Tuanze na Khabari za Lamu, zilizoandikwa na mtu wetu, Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy. Humo ndimo tunamosoma juu ya miji miwili ya mwanzo, Hidabu na Weyuni, iliyopigana hata ukawa mji mmoja, na juu ya vita vya Shela vya miaka ya 1810, Amu ilipowashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa waliokuja kwa pamoja. Wazee wa baraza huisimulia habari hiyo kila mmoja kwa namna yake, wala si kasoro. Lakini anayetaka kulinganisha na maandishi hana pa kwenda. Khabari zile zilichapishwa na William Hichens mwaka 1938 katika jarida la wataalamu huko Johannesburg, na hapa mjini hatukuona nakala hata moja.

Mambo ya Muhamadi Kijuma yanafanana na hayo. Kijuma alikuwa mwandishi wa khati, mchongaji, mshairi na mpiga muziki, na utendi wake wa Fumo Liyongo, wa mwaka 1913, ndio wengi wetu tuliofundishwa shuleni. Aliwanakilia tenzi na mashairi wataalamu wa Kizungu, akiwemo Alice Werner, Hichens, na Mjerumani Ernst Dammann aliyekuja kukaa Amu katika miaka ya 1930. Kijuma alifariki mwaka 1945. Khati ya mkono wake leo iko SOAS, London, na nyingine iko Ujerumani. Wapo kati yetu wanaosema aliuza mali ya mji. Sisi hatumlaumu: alikuwa fundi na alilipwa kazi yake. Isitoshe, tuseme kweli, karatasi nyingi zilizobaki ndani ya masanduku yetu ziliishia kwa mchwa na mvua, na zile alizozitoa zingali zinasomeka.

Hata marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye ni wa juzi tu na wengi tulimjua, hakuepuka safari hiyo. Sambo ya Kiwandeo, utenzi wake juu ya ujenzi wa chombo na vifaa vyake vyote, ulitoka mwaka 1979 mjini Leiden, Uholanzi. Fundi wa Matondoni akitaka kusoma majina ya mbao anazozipigilia kila siku, kitabu chake kiko Leiden.

Wageni nao wameandika, na si haba. Prins, Mholanzi, aliandika juu ya mabaharia wetu mwaka 1965. Patricia Romero alitoa kitabu kikubwa cha historia ya mji na jamaa zake mwaka 1997. Lakini tukiambiwa tuchague kimoja tu, tutachukua cha Usam Ghaidan cha mwaka 1975, kwa sababu yeye alipima. Aliingia nyumba za mawe akachora daka, kiwanda, misana, ndani na zidaka za ukutani. Ukiangalia michoro ile unaelewa kwa nini vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti la mkandaa, na boriti halirefuki kwa kupenda mwenye nyumba. Tangu wakati huo nyumba kadhaa zimeanguka, nyingine zimepigwa saruji, nyingine zimeuzwa na kugeuzwa. Mji uliandikwa na UNESCO mwaka 2001, lakini cheti hakimwonyeshi fundi kijana zidaka zilipangwaje. Michoro humwonyesha.

Kipo na kitabu kisichopendwa na wengi, cha Abdul Hamid el-Zein wa Misri, cha mwaka 1974. Kinawapanga watu wa Amu kwa nasaba na tabaka, kinataja waungwana na watumwa, na kinaeleza jinsi Habib Saleh alivyowafungulia mlango wa elimu watu wa Langoni waliokuwa wamefungiwa. Zipo kurasa ambazo hatuzikubali. Ametia nadharia mno. Hata hivyo ametaja jambo ambalo baraza zetu hulipita kwa kukohoa. Mashamba ya bara yaliyoutajirisha mji huu yalilimwa na watumwa hadi utumwa ulipopigwa marufuku pwani mwaka 1907, na wajukuu wa waliolima ni Waamu kama sisi. Khabari za Lamu hazikuwauliza neno. Ikiwa mji utaandikwa tena, safari hii na mwananchi, nao waulizwe.

Yapo yaliyofanywa vizuri hapa hapa. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa msaada wa mradi wa British Library, picha zikawekwa mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuzisoma, na hati zenyewe hazikuondoka Langoni. Hiyo ndiyo njia tunayotaka kuifuata.

Kwa hiyo sehemu ya mchango wa mwaka huu tumeitenga kwa rafu ya vitabu vya Amu itakayokuwa wazi kwa wanafunzi na kwa mafundi. Tunanunua vinavyopatikana, na visivyopatikana tunaomba nakala. Ndugu zetu wa London na wa Ujerumani, kazi yenu ni miguu zaidi kuliko fedha: nendeni mkaulize gharama ya nakala za Kijuma, mtuletee jibu kwa maandishi.

Na aliye na daftari la babu, barua ya nahodha, hati ya nyumba au utenzi wa bibi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, asiutupe wala asiuuze kabla hajatuonyesha. Tutakuja nyumbani kwake, tutapiga picha mbele yake, na karatasi itarudi sandukuni siku hiyo hiyo.