Chozi la Buonconte: Askari, Toba na Hukumu ya Marehemu katika Dante

Tarehe 11 Juni 1289, katika uwanda wa Campaldino, bonde la Casentino nchini Italia, Waguelfi wa Florence waliwashinda Waghibellini wa Arezzo. Miongoni mwa makamanda wa Arezzo waliouawa alikuwamo Buonconte da Montefeltro, ambaye maiti yake haikupatikana. Masimulizi ya historia yanakomea hapo. Hata hivyo, kwa mujibu wa Leonardo Bruni, aliyeandika wasifu wa Dante Alighieri mwaka 1436, mshairi huyo naye alipigana siku hiyo, akiwa askari wa farasi katika safu za mbele za Florence. Anayemfufua Buonconte katika wimbo wa 5 wa Purgatorio, basi, ni mtu aliyekuwa adui yake vitani. Wahakiki waliozoea kuusoma utungo huu kama kitabu cha akida hulipita jambo hili kwa haraka mno.

Katika wimbo huo Dante anamwuliza Buonconte ni nguvu gani, au bahati gani, iliyompeleka mbali na Campaldino hata kaburi lake lisijulikane. Hili ni swali la mtu aliyekuwapo na akanusurika. Marehemu anajibu kwamba alitobolewa koo, akakimbia kwa miguu huku damu ikitapakaa njiani, hadi mto Archiano unapoingia Arno. Hapo macho yakaingia giza, na neno lake la mwisho likawa jina la Maria. Malaika akaitwaa roho; shetani akalalamika kwamba ananyang'anywa mtu kwa sababu ya kichozi kimoja tu. Kwa hasira akaleta tufani, mto ukaisomba maiti, na mikono aliyokuwa ameikunja kifuani mfano wa msalaba ikafunguliwa na maji.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatalishangaa shauri hili. Katika hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeua watu 99, kisha wa 100, malaika wa rehema na wa adhabu wanaigombea roho ya muuaji aliyefia njiani akielekea kutubu. Inapimwa masafa, naye anaokoka kwa tofauti ya shibiri moja. Tangu Miguel Asín Palacios alipochapisha utafiti wake mwaka 1919, athari za Kiislamu katika Dante zimejadiliwa sana. Iwe palikuwa na athari au la, mizani ni ileile: hatua ya mwisho ina uzito kuliko idadi ya maovu.

Ugumu unaanzia kwa baba yake. Guido da Montefeltro, jemadari mashuhuri kuliko mwanawe, alijiunga na Wafransisko mwaka 1296, akafariki mwaka 1298. Katika Convivio Dante alimsifu kwa uamuzi huo. Katika wimbo wa 27 wa Inferno yumo motoni, kwa kuwa alimshauri Papa Boniface VIII aahidi mengi na kutimiza machache ili aitwae Palestrina, ngome ya ukoo wa Colonna, baada ya Papa kumpa ondoleo la dhambi kabla hajaitenda. Mtakatifu Fransisko alipokuja kumchukua, shetani alimzuia kwa hoja ya kimantiki: mtu hawezi kutubia dhambi na kuikusudia kwa wakati mmoja. Baba alikuwa na kanzu ya utawa, ondoleo na mwombezi; mwana hakuwa hata na kaburi.

Yaweza kudaiwa kwamba Dante anaifanya damu kuwa rahisi. Wale waliouawa na Buonconte wako wapi? Wimbo haumtaji hata mmoja wao, na upungufu huo haufai kufunikwa. Lakini wokovu huu si wa bure. Buonconte amezuiliwa nje ya toharani yenyewe, anategemea dua za walio hai, na mkewe Giovanna pamoja na jamaa wengine hawamjali. Anatembea ameinamisha uso kwa aibu.

Dante naye, mshindi wa Campaldino, alifukuzwa Florence mwaka 1302 na kuhukumiwa kuchomwa moto iwapo angekamatwa. Aliandika wimbo huu akiwa uhamishoni. Buonconte anapomaliza kusema, Dante hamjibu neno. Nafsi nyingine, ya mwanamke aitwaye Pia, inaanza kunena papo hapo.