Chaki Iliruka

Juni 1981, Wimbledon, raundi ya kwanza. John McEnroe, kijana wa miaka 22 aliyelelewa Queens, New York, anaanzisha mpira. Unaitwa nje. McEnroe anamgeukia mwamuzi kwenye kile kiti kirefu na kumfokea: mpira uligusa mstari, chaki iliruka, kila mtu ameiona! Wewe hauko serious!

Magazeti ya Uingereza yalimchukulia kama mtoto aliyedekezwa. Wiki mbili baadaye alimshinda Björn Borg kwenye fainali, baada ya Borg kutwaa taji hilo miaka mitano mfululizo. Kwa desturi, bingwa hupewa uanachama wa heshima wa klabu yenye uwanja. Mwaka huo McEnroe alinyimwa.

Jamaa alikuwa moto kweli: mataji 7 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, manne ya US Open na matatu ya Wimbledon. Lakini hasira ilimlipisha. Mwaka 1984 alipoteza mechi 3 pekee kati ya 85. Moja ilikuwa fainali ya Paris: alikuwa mbele seti mbili dhidi ya Ivan Lendl, kelele za vifaa vya mpiga picha zikamtibua, akapoteza. Taji hilo hakuwahi kulipata. Januari 1990, Melbourne, alitimuliwa katikati ya mechi. Sheria ilikuwa imebadilika: sasa unafukuzwa kwa kosa la tatu, si la nne. Yeye hakuwa na habari.

Sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mwaka 2006 US Open iliruhusu wachezaji kupinga uamuzi kwa msaada wa kamera. Mwaka 2025 Wimbledon iliwaondoa kabisa waamuzi wa mistari. Yaani tenisi yenyewe ilikubali kwamba jicho la binadamu halitoshi. Swali la McEnroe lilikuwa halali.

Na maneno yale yamemfaidi. Mwaka 2002 aliyafanya jina la kitabu cha maisha yake, na watu wakacheka naye.

Ila yule mwamuzi wa 1981 hakuwa na kamera. Alikuwa na macho yake tu na kazi ya kumaliza, huku akifokewa mbele ya dunia nzima. Hata kama chaki iliruka kweli, hilo halikuwa deni lake kulilipa kwa kudhalilishwa.