Kikohozi cha Nyumba ya Pili

Masasi inaukumbuka mwaka 1882 kwa uvamizi wa Wamagwangwara, kundi la Wangoni. Kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, alichokianzisha Askofu Edward Steere mwaka 1876, kilivurugwa, watu wakatekwa, na misheni yake ikajikusanya upya Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Machi ya mwaka huohuo, huko Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Ugunduzi mkubwa, lakini kukijua kijidudu si kumjua mwenye nacho.

Ugonjwa wa buba ulikuwa rahisi kuutambua. Kidonda chake kiko usoni na miguuni, na sindano zake zilipoenea Tanganyika miaka ya 1920, watu walijipanga foleni wenyewe. Kifua hujificha. Mtu hupungua polepole, akasingizia vumbi na moshi wa jikoni. Nduguze wakasema karogwa, wakaanzia kwa mganga. Hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto ilifunguliwa mwaka 1926, lakini iko Kilimanjaro. Kwa mtu wa Newala ingekuwa sawa na kuambiwa dawa iko mwezini.

Mwaka 1935 alifika dayosisi ya Masasi daktari kijana, Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi. Miaka arobaini baadaye ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya, na katika uwaziri wake, mwaka 1977, ulianza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, akiwamo mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo miongoni mwa washauri wa mpango. Mpango huo ndio uliokuja kuigwa duniani. Msingi wake ulikuwa mkavu kidogo: usizunguke nyumba kwa nyumba, mngoje anayekohoa aje zahanati, umpime makohozi, uhakikishe amemaliza dawa.

Ulikuwa na sababu. Glasgow mwaka 1957 ilipiga eksirei watu zaidi ya 700,000 kwa wiki tano. Tanzania ingezitoa wapi mashine hizo, na umeme wa kuziendesha? Tena utafiti wa India wa mwaka 1963 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa walikwisha kwenda wenyewe kutafuta tiba, wakarudishwa na dawa ya kikohozi. Kwa maoni yangu hilo ndilo doa la historia hii yote: mara nyingi mgonjwa hakujificha, alifika, hakuulizwa.

Huko Machakos, Kenya, miaka ya 1970, watafiti walijaribu njia nyingine: waliwaomba wazee wa vijiji wawataje wanaokohoa muda mrefu. Wazee walitaja wengi wasio na ugonjwa, wakawaruka baadhi ya wenye nao. Hata hivyo wazo lilikuwa zuri. Kwetu balozi wa nyumba kumi alijua nani hajaonekana kwenye palizi ya mikorosho, na ukuta wa udongo hauzuii kikohozi cha usiku.

Kupima kwenyewe si kitu cha kutisha. Alfajiri, kabla ya kupiga mswaki, mgonjwa hutoka nje penye upepo, akavuta pumzi, akakohoa kutoka ndani kabisa ya kifua, akatema katika kikopo chenye mfuniko. Mate hayafai. Maabara hupaka, hutia rangi, na chini ya hadubini vijiti vyekundu huonekana juu ya buluu. Lakini sharti vijidudu viwe maelfu katika kila mililita; vikipungua, jibu husomeka "hakuna". Ndiyo maana zilipokelewa kwa furaha mashine za GeneXpert, zinazokamata hata vijidudu vichache, baada ya mwaka 2010, na panyabuku waliofunzwa wa Morogoro wanaonusa upya makohozi yaliyokwisha kuitwa salama.

Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, na sehemu kubwa yao hawakuwa na kikohozi cha wiki mbili. Eksirei ndiyo iliyowanasa. Kwa hiyo hata swali la mhudumu wa afya ya jamii, "Nani anakohoa hapa?", halitoshi. Newala, ambako vizazi vya akina mama vilishuka mabondeni kuteka maji na kuupanda mlima na mzigo kichwani, mtu angeweza kuuliza jingine: siku hizi nani anatua ndoo mara tatu njiani, ambaye mwaka jana hakuwa akiitua?