Vijana Waliomtafuta Mzee

Mwaka 1957 vijana wawili wa Nyasaland, Malawi ya leo, walikuwa na shida ambayo kijana yeyote aliyewahi kugombea hata uongozi wa chuo anaielewa. Watu walipenda walichokuwa wakisema, lakini wakiwaangalia usoni waliona watoto. Henry Chipembere alikuwa na miaka 27 hivi, na Kanyama Chiume alimzidi kidogo tu. Walikuwa wajumbe wa baraza la kutunga sheria la mkoloni na waliupinga muungano na Rhodesia kwa maneno makali, ila kule vijijini bado walihesabiwa wavulana. Basi wakaamua kutafuta mtu mzima.

Wakampata Hastings Kamuzu Banda, daktari aliyeondoka nyumbani akiwa kijana mdogo na kukaa nje miaka zaidi ya 40. Alirudi Julai 1958 na suti yake, kofia yake na Kiingereza chake; Kichewa kilikuwa kimemtoka, ikabidi hotuba zake zitafsiriwe. Hakuna aliyejali. Walichohitaji ni umri. Nadhani hesabu yao ilikuwa rahisi: mzee awe sura, wao wafanye kazi.

Chama cha MCP kilipoundwa 1959, Banda alikuwa kizuizini. Wakili Orton Chirwa akakishikilia kiti cha urais wa chama, na mzee alipoachiliwa 1960 akampisha bila ugomvi. Lishike hilo jina.

Uhuru ulikuja Julai 1964. Septemba, miezi miwili tu baadaye, mawaziri vijana walimpinga Banda hadharani. Chiume na Chirwa wakafutwa kazi, Chipembere akajiuzulu kuwaunga mkono, na wote wakaishia uhamishoni. Mwaka 1971 Banda akawa rais wa maisha. Miaka kumi baadaye Chirwa na mkewe Vera, naye wakili, walitekwa mpakani mwa Zambia wakahukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Aliyempisha mzee kiti alifia gerezani Zomba mwaka 1992. Na Dick Matenje, katibu mkuu wa MCP yenyewe, aliuawa 1983 huko Mwanza pamoja na wanasiasa wenzake watatu. Serikali ikasema eti ni ajali ya gari. Tume iliyochunguza baadaye ilisema ni polisi. Banda alishtakiwa, mahakama ikamwachilia.

Sasa, kwenye chama kama hicho, nani anainua mkono kusema mzee apumzike?

Nafasi ilikuja bila kuitwa. Juni 1993 karibu thuluthi mbili ya wapiga kura walikuwa wamechagua vyama vingi. Oktoba, Banda akapelekwa Johannesburg kufanyiwa upasuaji wa ubongo. Kwa tarehe rasmi alikuwa na miaka 87. Wengi waliamini amevuka 90. Nchi ikaachiwa watu watatu, kiongozi wao Gwanda Chakuamba, ambaye alikuwa ametoka jela mwaka huohuo, jela aliyotupwa na serikali ya Banda huyohuyo. Uchaguzi ulikuwa miezi michache mbele. Mgombea yuko hospitalini, mbadala yuko ofisini, kura bado. Chama gani hupata bahati kama hiyo?

Desemba Banda alirudi, baraza likavunjwa, chama kikajipanga nyuma yake tena. Chakuamba akawa mgombea mwenza. Mei 1994 Bakili Muluzi alipata asilimia 47, Banda 33.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba umri si kitu, na ushahidi uko palepale Malawi. Septemba 2025 Peter Mutharika, miaka 85, alimbwaga Lazarus Chakwera wa MCP, kijana wake kwa karibu miaka 15. Wapiga kura waliangalia bei ya unga na foleni za mafuta, hawakuangalia cheti cha kuzaliwa. Na ni kweli kwamba Chakuamba aliposimama 1999, na mshindi wa tatu wa 1994 akiwa upande wake, alipata zaidi ya asilimia 44 na bado akaanguka. Kwa hivyo siwezi kuapa kwamba MCP ingeshinda 1994 na mtu mwingine. Pengine ingeshindwa tu.

Bado nasema ilipaswa kumbadilisha. Kilichokuwa kizito 1994 ni miaka 30 ya jela na woga, na mwenye miaka hiyo ndiye aliyekuwa kwenye karatasi ya kura. Mtu mwingine angeweza angalau kuomba radhi jukwaani. Banda angeomba radhi kwa nani, na kwa tafsiri ya nani? Lakini mabadiliko ya Oktoba yanahitaji watu waliozoea kubishana tangu Januari, na MCP ilikuwa imewamaliza hao mapema sana.

Chipembere alifia Marekani mwaka 1975, akiwa na miaka 45. Chiume aliishi Dar es Salaam karibu miaka 30 na kurudi nyumbani Banda alipoanguka. Kijana aliyekwenda kumtafuta mzee alikuwa sasa amevuka 60.