Ukimya wa Unix na Asili ya Chaguo la Msaada

Programu za mstari wa amri, yaani zile ambazo mtumiaji huziita kwa kuandika majina yake badala ya kubofya picha, zimerithi tabia zake nyingi kutoka Unix, mfumo endeshi ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuuunda mwaka 1969 huko Bell Labs, New Jersey. Wakati huo mtu na kompyuta waliwasiliana kupitia teletaipu, mashine iliyopiga chapa kwenye karatasi, na ile ya Model 33 haikuzidi herufi 10 kwa sekunde, hivyo kila neno lisilo la lazima lilikula muda na karatasi. Ndiyo maana majina ya amri yalifupishwa, cp ikawa ya kunakili na rm ya kufuta, na programu iliyomaliza kazi yake salama haikusema lolote. Programu ya kuhariri matini, ed, ilizidisha ubahili huo: kosa lolote, dogo kwa kubwa, lilijibiwa kwa alama moja tu ya kuuliza.

Mwaka 1973 mfumo huo ulipopata mabomba, njia ya kuyafanya matokeo ya programu moja yawe malighafi ya nyingine, ambayo Doug McIlroy, pia wa Bell Labs, alikuwa ameipigania kwa miaka, ukimya ulipata sababu nzito kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa salamu au pongezi yoyote ingechanganyika na data na kuiharibu.

Maelezo ya matumizi yalikaa kwingine, katika mwongozo wa Unix wa tarehe 3 Novemba 1971, uliotenga hata sehemu ya kutaja kasoro za programu, uungwana ambao ni nadra kuuona leo. Programu yenyewe kujieleza ni desturi iliyoenezwa baadaye na mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, ambao kanuni zake zinaitaka kila programu itambue chaguo la --help, iandike maelezo kwenye mkondo wa kawaida wa matokeo, si ule wa makosa, kisha ijifunge bila kufanya kazi nyingine.

Tabia-msingi, yaani lile ambalo programu hulifanya isipoelekezwa vingine, ilibadilika polepole zaidi. Ni mwaka 2006 tu ambapo rm ya GNU ilianza kukataa, pasipo kuombwa, kufuta mzizi wa mfumo mzima wa faili. Faili za kawaida za mtumiaji bado huzifuta kimya kimya, asipoongeza -i ili aulizwe kwanza.